Nta, shelaki au hariri? Kwa anayetaka kutengeneza vitu kwa mali ya wadudu na hajui ashike ipi

Juzi kaja dada mmoja hapa kibarazani kwangu, kabeba kikapu cha ukili, ndani mna vifuu vitano kavipiga msasa mpaka vinateleza kama mayai. Hata maji hajanywa ananiuliza, "Dada, nivipake nini hivi? Mmoja kanambia nta, mwengine kanambia shelaki, na mume wangu anasema we piga vanishi ya kopo umalize mambo." Nikamwambia kaa kwanza, maana hili jibu lake si la kusimama mlangoni. Na kwa vile haipiti wiki sijaulizwa hivyo hivyo, nimeona bora niandike.

Mie natengeneza vikasha, mabakuli ya mwembe, vifuu, mishumaa na mataa ya kuninginiza, mwaka wa tisa huu, hapa hapa nyumbani Jang'ombe, Unguja. Nimeharibu vitu vingi kuliko nilivyouza mwanzo, kwa hivo haya mengine nayasema kwa maumivu. Vanishi ya kopo naiweka pembeni, ina kazi yake na siitukani, ila leo tunazungumza vitu vitatu vinavyotoka kwa mdudu: nta ya nyuki, shelaki (utando wa mdudu wa India, unayeyushwa kwa spiriti ukapakwa kama vanishi), na hariri. Gundi ya nyuki nayo ntaigusa kidogo, lakini ile ni mkorofi, mtaona.

Jiulize haya kwanza

Kabla hujanunua chochote kaa chini ujiulize. Unaipata wapi na pochi inasemaje, maana kitu kizuri cha kungojea mzigo ufike si kila mtu anakiweza. Joto na unyevu wetu je? Hapa petu kaskazi likikaza bati linalia juu ya paa, masika yakiingia chumvi inageuka maji ndani ya kikopo, sasa kitu kinachokaa vizuri Ulaya si lazima kikae vizuri Michenzani. Halafu kazi yenyewe mkononi, yaani moto, vyombo, muda, na kama una watoto wanaokimbia humo ndani. Kisha kudumu kwake, na kikishaharibika unakirudisha vipi. La mwisho mteja: atakilia, atakivaa, atauliza habari ya dini, au ni mgeni atakayekuuliza mdudu kafa au hajafa.

Na lipo moja la kwangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Jiulize mdudu alikitengeneza kwa kazi gani. Mdudu hakukaa akafikiria bakuli lako. Nyuki alitaka ghala la chakula, mdudu wa shelaki alitaka koti la kujikinga, kiwavi wa hariri alitaka chumba cha kulalia kinachopitisha hewa. Ukikipeleka kitu kwenye kazi inayofanana na ile ya mwenyewe, kinakutii. Ukikipeleka kwengine utapigana nacho mpaka uchoke.

Nta ya nyuki

Nyuki kibarua ana tezi jozi 4 chini ya tumbo, nta inatoka hapo kama magamba madogo meupe, anaichukua anaitafuna ndio anajengea masega. Na si rahisi, hesabu inayotajwa sana na wafugaji ni kwamba nyuki hula asali kiasi cha kilo 6 mpaka 8 ndio watoe kilo 1 ya nta, kwa hivo ukimuona mtu anaitupa mkataze.

*Kuipata.* Hapa nta ndio inashinda waziwazi, maana tunao wafuga nyuki Pemba na tunao upande wa Jozani, na wengine wakishakamua asali masega yale hawana habari nayo. Nyuma huko nlikuwa napewa bure, siku hizi washajua. Ukinunua ile iliyokwisha safishwa angalia usiuziwe nta iliyochanganywa na parafini ya mishumaa. Ivunje: nta safi inavunjika ina chengachenga, ukiikandakanda kwenye vidole inalainika pole pole kama udongo na harufu ya asali inatoka, parafini inateleza na inakatikakatika vipande tu.

Kuisafisha ni kazi ya jioni moja. Masega unayatia kwenye sufuria na maji, moto mdogo, yakishayeyuka unayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, unakamua kwa vijiti viwili (si kwa mkono, nimeungua), halafu unaliacha sufuria palepale mpaka asubuhi. Ukiamka unakuta sahani ya manjano inaelea juu, chini maji meusi kama chai iliyolala. Igeuze ile sahani, huko chini kuna matope, yakwangue kwa kisu, kisha rudia. Mara ya pili inatoka rangi ambayo hata kuiuza huoni raha. Chuma chenye kutu usitumie, kinaitia weusi.

*Joto na unyevu.* Nta inayeyuka kwenye digrii 62 mpaka 64, mtu anaona hizo ni nyingi, ila inalegea mapema sana kabla ya hapo. Mwaka wangu wa pili nlitengeneza mishumaa 12 ya hoteli, mirefu, imenyooka, ina harufu ya mafuta ya makonyo kutoka Pemba, nikaitia kwenye gari ya kaka yangu tukapitia Darajani kununua karatasi za kufungia, jua la saa saba, vioo vimefungwa. Tumerudi mishumaa imelala yote kama ndizi za mkono mmoja. Hoteli haikununua hata mmoja na haki yao. Tangu siku hiyo nta yangu inasafiri alfajiri. Kwa unyevu lakini haina tabu, mvua hata ya wiki nzima haiibadilishi rangi.

*Kazi.* Kwa kupaka mbao na vifuu nachanganya nta sehemu 1 na mafuta ya nazi sehemu 3, kwa uzito. Kuna wanaotia mafuta sehemu 4, lakini kwa joto letu inakuwa uji. Yeyusha kwenye kibakuli kilichokaa ndani ya sufuria la maji, kamwe usiiweke juu ya moto wenyewe, na ikishika moto usimwagie maji, funika kwa kifuniko uzime jiko. Paka nyembamba, acha usiku, asubuhi sugua kwa kitambaa mpaka mkono ukuume. Mtoto wa miaka kumi anaiweza hiyo kazi ya kusugua na watoto wangu wanaijua vizuri sana.

*Kudumu.* Hapa nisikudanganye. Nta ni ngozi laini. Kikombe cha moto kinaacha alama, maji yakikaa yanaacha alama, baada ya miezi michache mng'ao unapungua. Ila haibanduki, haichubuki, na kuirudisha ni kupaka tena tu, huna haja ya kukwangua. Mishumaa ikikaa inatoka unga mweupe juu, watu wanadhani ni ukungu, si ukungu, ni nta yenyewe, futa kwa kitambaa.

*Mteja.* Bakuli la tende, sahani ya matunda, ubao wa kukatia mkate, nta haina mjadala, inalika. Haina spiriti, haina suala la dini. Na mgeni akiuliza habari ya mdudu, nyuki haimlazimu kufa, almuradi mrinaji wako si wale wa kuchoma mzinga kwa mwenge.

Kuna msanii mmoja wa Slovakia, Tomáš Libertíny, yeye alifika mbali zaidi, alitengeneza umbo la chombo cha maua akawatilia nyuki ndani ya mzinga, nyuki kiasi cha 40,000 wakajenga wenyewe masega juu yake kwa muda wa wiki moja. Sisi tunaosubiri fundi wiki tatu kwa meza moja tukae kimya.

Shelaki

Wazee walioona barua zikipigwa muhuri wa lakiri wanaijua hii bila kuijua. Lakiri ya kweli ile nyekundu ilitokana na mdudu huyu huyu. Ni mdudu mdogo sana, kwa kitaalamu Kerria lacca, anaishi India na Thailand na nchi za huko, anajibandika kwenye kijiti cha mti, ananyonya utomvu, na anajitolea utando mgumu wa kujifunika. Wako wengi mno kwenye tawi moja mpaka jina lao wengi wanalihusisha na laki ile ile ya hesabu, 100,000. Na mmoja katika miti anayofugiwa huko India ni mkunazi, huu huu wa kwetu wa kuchuma kunazi na wa kuoshea maiti. Nlipolijua hilo nikautazama mkunazi wa jirani kwa jicho jengine, lakini mdudu hayupo, usihangaike kukwangua.

Na kama una bibi aliyepata kusikiliza santuri nyumbani kwenu, basi shelaki ilikwisha ingia kwenu zamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, sahani zilizotoka zilikuwa za shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe, ndio maana zikianguka zinavunjika kama sahani za kulia. Plastiki ilikuja baadae. Sauti yote ile imebebwa na utando wa mdudu.

*Kuipata.* Inakuja ya magamba makavu, rangi kutoka manjano hafifu mpaka kama chai ya rangi. Hapa Unguja haipo kila duka la rangi, mie naagizia Dar es Salaam, na bei yake kwa kilo ni kubwa kuliko nta kwa mbali. Ila ukumbuke unatumia kidogo sana, kikasha kimoja hakimalizi hata gramu 20. Kwa hivo ghali yake ni ya siku ya kununua, si ya kila kazi. Magamba yenyewe usiyaweke karibu na jiko, kwa joto letu yanashikana yanakuwa jiwe. Mie naweka ndani ya friji chini kabisa, kwenye kopo lililoandikwa SI CHAKULA, baada ya mama mkwe kudhani ni lozi za sukari.

*Joto na unyevu.* Unyevu ndio adui yake namba moja. Nlipiga kasha la harusi mwezi wa tano, mvua inanyesha nje, nina haraka, tarehe ya watu imekaribia. Tabaka la tatu likageuka jeupe mbele ya macho yangu, kama mtu kamwaga tui. Nikamfata mzee mmoja seremala mtaa wa pili.

"Shkamoo babu."

"Marahaba. Umelia?"

"Sijalia, ila kasha limeingia weupe."

Akacheka. "Umepiga shelaki na mvua inanyesha, mjukuu wangu? Spiriti inaruka inaivuta baridi, baridi inaleta maji, maji yamefungika humo ndani. Ngoja jua, halafu pitisha kitambaa chenye spiriti kiduchu, tena mkono mwepesi kama unampapasa paka."

Nikangoja siku mbili, jua likatoka, nikapitisha, weupe ukaondoka wote. Tokea hapo masika sigusi shelaki mpaka saa tano za asubuhi zipite na anga liko safi.

*Kazi.* Gramu 30 za magamba kwa robo lita ya spiriti, chupa ya kioo, ngoja mpaka kesho ukitikisatikisa, chuja. Andika tarehe kwenye chupa, maana ikishayeyushwa inazeeka, baada ya miezi sita hivi mie siiamini, natia tone kwenye kioo na kesho yake likiwa bado linanata namwaga. Unapaka kwa donge la pamba lililofungwa kwenye kitambaa cha pamba, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja linakauka kama nusu saa. Madirisha wazi, moto mbali, watoto nje. Inataka mkono. Mara za mwanzo utaacha michirizi, usikate tamaa, kwa sababu tabaka jipya linayeyusha la zamani linashikana nalo, kwa hivo kosa la jana linafutika leo. Hiyo sifa ni chache kuipata kwengine.

*Kudumu.* Juu ya kitu kikavu cha ndani ya nyumba inakaa miaka mingi na inang'aa mpaka shaba ya misumari ya kasha inaona wivu. Lakini manukato yenye spiriti yakidondoka, alama. Kile kidawa cha kusafishia mikono, alama. Kikombe cha chai ya maziwa kilichotoka jikoni, duara jeupe la wazi kabisa. Nje ya nyumba usiipeleke, mlango wa barazani unaopigwa na mvua ya kusi si wake.

*Mteja.* Shelaki inapakwa mpaka kwenye vidonge na peremende, kwenye vyakula inaitwa E904, kwa hivo yenyewe haina sumu. Kinachonitia wasiwasi ni spiriti ya dukani, ikiwa imetiwa rangi ile rangi inabaki, kwa hivo kwa chombo cha kulia mie siipaki. Wapo pia wateja wanaouliza kwani spiriti si pombe? Ile imetiwa sumu hainyweki na yote inaruka, lakini mtu akiwa na uzito moyoni usibishane nae, mtolee cha nta. Na mdudu? Wakati wa kukwangua vijiti wengi wanakufa, usimfiche mgeni anaeuliza.

Hariri

Sasa hii ni mambo mengine kabisa. Nta na shelaki unapaka juu ya kitu, hariri ndio kitu chenyewe.

Kiwavi wa hariri anakula majani ya mforsadi karibu mwezi mzima, halafu anaanza kujizungushia uzi siku tatu hivi, uzi mmoja usiokatika, mita mia kadhaa na mara nyengine unapita mita 1,000, anajifungia ndani ya kifukofuko. Umeshikwa na gundi yake mwenyewe ambayo ni kama robo ya uzito wote. Ukitaka uzi laini wa kung'aa unavichemsha kwa maji na sabuni kidogo gundi iondoke, ukitaka kitu kigumu cha kusimama unaiacha.

*Kuipata.* Mtihani. Forsadi kwenye mashamba yetu zipo lakini kiwavi anataka majani mabichi kila siku, asubuhi mpaka usiku, sasa ukiwa na mti mmoja uani utamuua kwa njaa. Vifukofuko naagiza, na ni ghali. Vitambaa vya "hariri" unavyoviona madukani vingi ni polista. Chomoa uzi mmoja uwashe kibiriti: hariri inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika vidoleni, polista inayeyuka inatoka kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikukatalia usijaribu, umeshapata jibu.

*Joto na unyevu.* Joto halimsumbui, nyumba ya kiwavi imetengenezwa kuhimili. Jua la moja kwa moja ndio linaichosha, inageuka manjano na uzi unakatika. Unyevu wa masika ukiikuta imefungwa ndani ya kabati inaingia kawa kama kanzu ya Idi iliyosahauliwa, na wadudu wengine wanaila. Itake hewa.

*Kazi.* Hapa ndipo raha ilipo. Kifukofuko kizima unakikata juu kwa wembe, kinakuwa kikopo kidogo cheupe chepesi kama ganda la yai lakini hakivunjiki, unatia kitaa kidogo cha LED ndani yake, ukiunga vishirini unapata shada la taa ambalo mtu akiingia ukumbini anasimama. Au unatandaza nyuzi ambazo hazijatolewa gundi, unazirashia maji, unaweka kitambaa juu unapiga pasi, gundi ile ya kiwavi inalainika inashikana tena, unapata kama karatasi, unaikunja uitakavyo. Balbu za zamani za moto usitie. Yule mbunifu wa Marekani Neri Oxman na wenzake wa chuo cha MIT mwaka 2013 walitumia viwavi 6,500 kumalizia banda zima la kuninginia, maana waliona kiwavi akiwekwa pahala pa bapa pasipo na kona hajifungi kifukofuko, anatandaza tu shuka, na nondo anatoka mzima. Nimeota siku moja nifanye hivo juu ya fremu ya fimbo za mkoko. Viwavi sina, fremu ninayo.

*Kudumu.* Ikiwekwa kivulini inakaa miaka mingi. Ikichanika kuitengeneza ni kazi ya sindano na subira, si ya kupaka tena.

*Mteja.* Mwanamme wa Kiislamu havai hariri, tumesomeshwa tangu chuoni, wanaruhusu kipande cha vidole viwili mpaka vinne na dharura. Kwa hivo mtu akitaka umshonee kofia au tai kwa hariri safi mwambie kabisa ni ya kweli, usimtie kwenye makosa bila kujua. Mito ya kukalia nayo ina khitilafu, muulize sheikh wako si mie. Taa, pazia, shela la bi harusi, hapo hakuna mgogoro. Suala la mdudu ni zito kwa hariri: ya kawaida kiwavi anakufa kwa mvuke au maji moto akiwa ndani. Ipo ile anayoachiwa atoke kwanza, uzi wake unakatikakatika na bei inapanda.

Na gundi ya nyuki?

Hii nyuki hatoi mwenyewe kwa ukweli wake, anaokota utomvu wa miti anachanganya na nta anazibia nyufa za mzinga. Marlène Huissoud, Mfaransa, baba yake mfuga nyuki, mwaka 2014 alionesha vyombo alivyovitengeneza kwa hiyo gundi akiifanyia kazi kama kioo, vyeusi vinameremeta, vizuri kupita kiasi. Lakini yake ni baridi ya Ulaya. Gundi hii kwenye baridi inakatika kama biskuti, ikifika digrii 25 inaanza kunata, na hapa petu digrii 25 ni usiku. Nlitengeneza kidau cha uvumba, asubuhi nikakikuta kimekaa chini kama kimechoka, na alama ya kidole changu iko ubavuni mpaka leo. Wengine pia inawawasha ngozi. Kwa kuziba ufa wa bakuli la mbao kabla ya kupaka nta ni nzuri sana, kwa mengine niache mie niumie.

Sasa wewe uko wapi?

Kama ndio unaanza, huna pesa, una jiko na sufuria: shika nta. Ukiharibu unayeyusha tena hujapoteza kitu.

Unatengeneza vya kulia, bakuli, mbao za kukatia, ni nta na mafuta ya nazi, na umpe mteja kikopo kidogo cha kupakia mwenyewe nyumbani, atakuja kununua kikopo cha pili.

Makasha, fremu za picha, rehali za msahafu, udi wa kupigia taarabu na magitaa, hivyo nenda shelaki. Wengi wanaotengeneza udi wanaipenda kwa sababu tabaka lake jembamba halizibi sauti. Lakini uwe na subira na uwe na siku za jua, kama una oda ya mwezi wa nne na wa tano sema mapema kwamba itachelewa, usifanye kama nlivyofanya mie. Na unaweza kuzichanganya pia, shelaki chini matabaka mawili, nta juu yake, inatoka laini ya kushikika na mng'ao hauko makelele.

Unauza kwa mahoteli na nyumba za wageni, unataka kitu kimoja kinachovuta macho na bei yake inaeleweka, jaribu hariri, ila anza na vifukofuko thelathini si mia tatu.

Uko Pemba na una mfuga nyuki ndani ya ukoo: kwani unasoma haya ya nini, nenda kachukue masega kabla hayajatupwa.

Vitu vya nje, milango, viti vya uwanjani, au chochote cha kupakulia vya moto, katika hizi tatu hamna. Huko mdudu hakufika.

Yule dada wa vifuu tukamaliza hivi: viwili vya kuwekea tende na karanga kavipaka nta hapa hapa kibarazani tukiwa tunazungumza, kimoja cha mapambo tukakipiga shelaki matabaka matatu kwa sababu jua lilikuwepo, na kimoja anachotaka kunywea kahawa nikamwambia kiache kitupu kama Mungu alivyokiumba, maana nta ingemuogelea ndani ya kikombe. Cha tano kakirudisha kwa mume wake akipige vanishi yake ya kopo, aweke funguo.